Jiko linapobadilika rangi: lipi la kawaida, lipi la hatari

WIKI chache baada ya kununuliwa, jiko la kuni la chuma huanza kumtia mwenyewe mashaka. Lilipotoka kwa fundi lilikuwa jeusi tii, uso wake wa juu ukiwa laini na wenye kung'aa kidogo. Sasa katikati ya uso huo, pale moto unapopiga kwa nguvu, pamegeuka kijivu kama majivu. Pembeni yake kuna duara la rangi ya kahawia, na karibu na tundu la bomba la moshi rangi imeanza kubanduka vipande vipande.

Mnunuzi hurudi kwa fundi akidai ameuziwa jiko bovu. Fundi naye hujibu kwamba mnunuzi amelichochea kupita kiasi. Kila mmoja anaweza kuwa na haki kwa upande wake, kwa kuwa uso wa jiko uliobadilika rangi huweza kumaanisha jambo dogo lisilo na madhara, au jambo kubwa linaloweza kuingiza hewa ya sumu ndani ya nyumba. Kinachotakiwa ni kujua kutofautisha mambo hayo mawili.

Suala hili halizihusu nchi za baridi pekee, ambako majiko ya kuni yenye bamba la juu hutumika kupasha nyumba joto na kupikia. Katika Afrika Mashariki, shule na taasisi nyingine nyingi zimepika kwa miaka mingi kwa majiko makubwa ya kuni yaliyovikwa mabamba ya chuma. Katika nyumba nyingi za mijini nako kuna jiko la mkaa la bati, lililopakwa rangi nyeusi, nyekundu au ya fedha. Kanuni zinazotawala rangi na chuma katika majiko hayo yote ni zilezile.

Rangi inavyoungua

Rangi ya kupaka huwa na vitu vitatu vikuu. Cha kwanza ni unga unaoipa rangi yake. Cha pili ni gundi inayoushika unga huo na kuunatisha kwenye chuma. Cha tatu ni kiyeyusho, kama vile thina, kinachoifanya iwe majimaji wakati wa kupaka na kisha kupotelea hewani. Jiko linapowashwa, vile viwili vinavyobaki huathirika kila kimoja kwa namna yake.

Gundi ya rangi ya kawaida ya mafuta, ile inayopakwa kwenye mageti na nondo za madirisha, hutokana na mafuta ya mimea na kemikali za viwandani zenye asili ya kaboni. Kwa kuwa ukuni nao ni kitu chenye asili hiyo, si ajabu kwamba gundi hiyo nayo huungua. Rangi ya namna hii huanza kugeuka manjano inapozidi nyuzi joto 100 hivi za sentigredi. Joto likipanda hadi kukaribia nyuzi 200, hufuka moshi, hutoa malengelenge na kupoteza mshiko wake.

Uso wa juu wa jiko la kuni linalowaka vizuri kwa kawaida huwa na joto la kati ya nyuzi 200 na 350. Ndiyo sababu jiko lililopakwa rangi ya geti hunuka vibaya siku ya kwanza, na baada ya muda mfupi hubaki na mabaka.

Rangi maalumu ya majiko hutumia gundi ya silikoni. Uti wa gundi hiyo umejengwa kwa silikoni na oksijeni, elementi mbili zinazounda mchanga na kioo. Inapopata moto kwa mara ya kwanza, sehemu yake ndogo yenye kaboni huanza kuungua na kutoa moshi na harufu, huku uti wenyewe ukikaza na kushikana zaidi na chuma. Watengenezaji wa rangi nyingi za aina hii hutaja kiwango cha juu cha kuhimili joto kuwa nyuzi 650 hivi.

Rangi hizo hazina umri mrefu sana. Katika karne ya 19, majiko ya chuma cha kusubu ya Ulaya na Marekani yalisuguliwa kwa grafiti, madini meusi yanayotumika pia kutengeneza kalamu za risasi. Kazi hiyo ilichafua mikono na ilibidi irudiwe mara kwa mara. Silikoni ilianza kutengenezwa kwa wingi miaka ya 1940, baada ya kampuni ya Dow Corning kuanzishwa nchini Marekani mwaka 1943, na matumizi yake ya kwanza yalikuwa katika mitambo ya umeme na ndege za vita. Baadaye ndipo ilipofika kwenye makopo ya rangi ya jiko.

Hata hivyo, gundi nzuri haitoshi ikiwa unga wa rangi ni hafifu. Rangi nyeusi huweza kupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni masizi laini ya kiwandani, ambayo ni kaboni tupu. Joto likizidi nyuzi 400 hivi, masizi hayo huungua taratibu na kuacha rangi ya kijivu. Ya pili ni oksidi nyeusi ya chuma. Hiyo, ikipata joto la nyuzi 200 na zaidi mbele ya hewa, hunyonya oksijeni na kugeuka kahawia au nyekundu, rangi inayofanana na ya kutu ingawa chuma kilicho chini bado ni kizima. Ya tatu ni mchanganyiko wa oksidi za metali kama shaba, kromi na manganizi, uliokwisha kuchomwa kiwandani kwa joto kali kabla ya kuingizwa kwenye kopo. Huo ndio unaodumu, na ndio wenye gharama zaidi.

Kusoma uso wa jiko

Kwa kuwa kila badiliko hutokea kwenye joto lake, uso wa jiko huweza kusomwa kama kipimajoto kinachotunza kumbukumbu. Duara la kijivu katikati na la kahawia pembeni huonyesha tu jinsi joto linavyopungua kutoka pale ndimi za moto zinapogonga bamba hadi kwenye kingo zake. Ikiwa rangi hiyo ya kijivu ni laini, haitoki kwa vipande, na bamba lenyewe limenyooka, hakuna hasara isipokuwa ya sura. Jiko litaendelea kufanya kazi yake.

Baka jeupe lenye vumbi, ambalo likipanguswa kwa kidole hutoka kama chaki, lina maana nyingine. Hapo gundi imekwisha nguvu na unga umebaki bila kitu cha kuushika. Jambo hilo huonyesha kwamba sehemu hiyo imezidishiwa joto, au kwamba rangi iliyotumika haikuwa ya kiwango cha jiko. Chuma bado kinaweza kuwa salama, lakini sasa kiko uchi mbele ya unyevu.

Kwenye bomba la moshi lisilopakwa rangi, huonekana wakati mwingine rangi za kupendeza: manjano ya majani makavu, zambarau, kisha buluu. Hizo zinatokana na tabaka jembamba mno la oksidi linalojitandaza juu ya chuma kisafi. Mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka hilo hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, jinsi inavyotokea kwa mafuta ya gari juu ya dimbwi la maji. Manjano huja kwenye nyuzi 220 hivi na buluu karibu na nyuzi 300. Wahunzi wamezitumia rangi hizo tangu zamani kujua wakati wa kuupoza upanga au patasi. Kwenye bomba la moshi ni kumbukumbu ya joto lililopita, wala si dalili ya ubovu.

Madoa madogo ya kutu yaliyotapakaa huwa na asili ya jikoni. Maji ya wali au ya ugali yakifurika na kumwagika juu ya bamba la moto, maji huondoka kwa mvuke na chumvi hubaki. Chumvi hiyo huvuta unyevu usiku, na chuma kikaanza kuliwa. Katika miji ya pwani, hewa yenyewe hubeba chumvi, hivyo jiko lililobanduka rangi huharibika upesi zaidi huko kuliko bara.

Chuma chenyewe kinapochoka

Mambo hubadilika pale joto linapoipita rangi na kukigusa chuma. Dalili ya kwanza ni ile inayoonekana gizani: bamba likianza kuwaka wekundu hafifu, limefika kwenye nyuzi 500 au zaidi. Likiwa jekundu hata mchana, joto limeipita mbali rangi yoyote ya jiko. Katika nyuzi 600 hivi, chuma cha pua hubaki na takriban nusu ya nguvu kiliyokuwa nayo kikiwa baridi. Bamba linalobeba sufuria kubwa ya maharage katika hali hiyo hubonyea, na likipoa halirudi lilivyokuwa.

Dalili ya pili ni magamba. Gamba la rangi huwa jembamba na jepesi, na chini yake huonekana chuma laini. Gamba la chuma huwa gumu, la kijivu kilichokolea, huvunjika likikunjwa na huacha shimo pale lilipotoka. Kila gamba linaloanguka ni unene wa bamba uliopotea. Kwenye jiko la bati jembamba, miezi michache ya kuchochewa kupita kiasi hutosha kuleta tundu.

Dalili ya tatu ni kupinda na kupasuka. Bamba la chuma lenye urefu wa sentimita 50 likipata joto la ziada la nyuzi 300 hurefuka kwa karibu milimita mbili. Likiwa limebanwa pande zote kwa uchomeleaji au kwa skrubu, haliwezi kurefuka kwa uhuru, hivyo huinuka katikati. Chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini hakipindi, hupasuka. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi mtu anapomwaga maji baridi juu ya jiko la moto ili kulizima au kulisafisha.

Ufa ndio unaostahili kuogopwa kuliko baka lolote. Jiko zima lenye bomba la moshi huvuta hewa kupitia mlango wake na kuipeleka juu. Jiko lenye ufa au kiungo kilichoachana huweza kurudisha moshi chumbani, hasa moto unapofifia na mvuto wa bomba kupungua. Katika moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na maradhi yanayojengeka kwa miaka, lakini kaboni monoksaidi huua hata kwa usiku mmoja.

Jiko lenye udongo ndani

Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo uliochomwa, lililosanifiwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand na kisha kusambaa katika nchi jirani, lina namna yake ya kutoa taarifa. Udongo huo huwekwa kati ya moto na bati ili kutunza joto ndani. Kwa hiyo bati la nje hupata joto dogo, na rangi yake hudumu kwa muda mrefu zaidi kuliko ya jiko la bati tupu.

Ikitokea baka lililoungua likajitokeza upande mmoja wa jiko hilo wakati pande nyingine bado zina rangi, maana yake ni kwamba udongo umepasuka au umeachia mahali hapo, na joto limepata njia. Mwenye jiko anayelitambua baka hilo mapema anaweza kumpelekea fundi abadilishe udongo peke yake. Anayelipuuza hupoteza kwanza mkaa, kwa kuwa joto linatoka pembeni badala ya kwenda kwenye sufuria, kisha hupoteza bati lenyewe.

Jambo jingine ni bati linalotumika. Baadhi ya majiko hutengenezwa kwa vipande vya mapipa ya zamani au mabati ya kuezekea. Mapipa huwa na rangi ya zamani isiyojulikana ilitengenezwa kwa nini, na mabati ya kuezekea mara nyingi hupakwa zinki, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Moshi wa rangi hizo na wa zinki iliyoungua haufai kuvutwa. Kwa sababu hiyo, ni vyema jiko jipya la aina yoyote liwashwe kwanza uani, mbali na watoto na chakula, hadi litakapoacha kutoa harufu.

Kupaka upya bila kujidanganya

Jiko lililochakaa rangi tu laweza kurudishiwa sura yake kwa gharama ndogo, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu. Jiko lipoe kabisa. Rangi iliyolegea na kutu viondolewe kwa brashi ya waya na msasa, fundi akiwa amefunika pua na mdomo, kisha uso upanguswe kwa kitambaa chenye thina kidogo ili kuondoa mafuta ya kupikia. Alama ya mafuta ikibaki, rangi mpya itabanduka mahali hapohapo.

Rangi nyekundu ya kuzuia kutu inayotumika kwenye mapaa na mageti haifai kutangulizwa chini, kwa kuwa yenyewe itaungua na kuangusha ile ya juu. Rangi ya jiko hupakwa moja kwa moja kwenye chuma, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, na huachwa ikauke kama maelekezo ya kopo yanavyotaka.

Hatua inayosahauliwa na wengi ni ya kuikomaza kwa moto. Siku ya kwanza uwashwe moto mdogo kwa muda mfupi, kisha jiko liachwe lipoe. Moto wa pili uwe mkubwa kidogo, na wa tatu uwe wa kawaida. Katika kipindi hicho rangi hulainika kwanza kabla ya kukaza, kwa hiyo sufuria isiburuzwe juu yake. Milango na madirisha yawe wazi, kwani moshi utakaotoka si wa kuni.

Tahadhari moja haina mjadala. Rangi ya kopo la kupuliza isitumike kamwe kwenye jiko lililo moto au karibu na moto wowote. Gesi inayosukuma rangi hiyo nje ya kopo mara nyingi ni ya aina inayoshika moto, na kopo lenyewe likipata joto kali hulipuka.

Aidha, kuna mambo matatu yanayorefusha maisha ya rangi na ya chuma. La kwanza ni kuni kavu na za kiasi; kujaza jiko hadi mlango usifungike ndiyo njia ya haraka ya kuliharibu. La pili ni kuepuka kuchoma mbao zilizopakwa rangi au dawa, pamoja na mabaki ya majahazi yaliyolowa maji ya bahari, kwa kuwa moshi wa mbao hizo hula chuma na kudhuru mapafu. La tatu ni kuondoa majivu na kulihifadhi jiko pakavu. Majivu yakipata unyevu hugeuka magadi yanayokula bati kutoka ndani, ambako hakuna rangi ya kutoa taarifa.

Rangi inapoficha

Uzuri wa rangi mpya una upande wake wa pili. Jiko kuukuu lililopasuka, likizibwa ufa na kupakwa rangi nyeusi, hufanana sokoni na jiko zima. Mnunuzi wa jiko la mtumba hana budi kulitazama ndani kuliko nje. Likiwa la kusubu, aligonge taratibu kwa ufunguo au jiwe dogo: bamba zima hutoa sauti inayolia, lililopasuka hutoa sauti iliyokufa. Likiwa la bati, ncha ya bisibisi ikisukumwa kwa mkono kwenye sehemu inayokaa moto itaonyesha kama chuma bado kipo au kimebaki gamba. Rula ikilazwa juu ya bamba itaonyesha kama limepinda.

Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Hadi siku hiyo, kuni na mkaa vitaendelea kupika chakula cha familia nyingi, na majiko ya chuma yataendelea kuungua rangi. Mwenye jiko la kijivu lililonyooka, lisilo na ufa wala magamba, hana sababu ya kugombana na fundi wake. Bali mwenye jiko linalowaka wekundu usiku, lililobonyea katikati na kuvujisha moshi kwenye viungo, hatasaidiwa na kopo la rangi. Hilo ni la kuzimwa, kutolewa nje na kutengenezwa upya au kuachwa kabisa.

Na kwa jiko la mkaa, hata likiwa jipya na lenye rangi isiyo na doa, kanuni haibadiliki: halilazwi chumbani milango ikiwa imefungwa. Gesi inayoua haiachi alama yoyote kwenye rangi.